Kesi ya Rosa

Zaidi ya miaka hamsini sasa tunaisikiliza kesi ya Rosa Mistika, na bado hatujachoka kutoa hukumu. Nani alaumiwe kwa kifo chake? Baba yake, Zakaria? Mama yake, Regina? Shule? Charles? Au yeye mwenyewe? Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari amekutana na swali la namna hii, kama si kuhusu Rosa basi kuhusu kijana mwingine wa kwenye riwaya aliyeteseka mpaka akavunjika. Jibu lake tunalijua kwa kichwa: utangulizi, hoja tano, kila hoja na mfano wake kutoka kitabuni, hitimisho.

Mwaka huu nimeirudia riwaya hii nikiwa na shida nyingine. Siku hizi afya ya akili ya vijana inazungumzwa kila mahali: redioni, kwenye vikao vya wazazi, kwenye video fupi za simu. Neno sonona, ambalo zamani nililiona kwenye kamusi tu, sasa linatamkwa na watoto wa kidato cha pili. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Nikajiuliza: zile riwaya tulizopewa tukiwa na umri huohuo zilikuwa zinatuambia nini kuhusu jambo hili, na sisi tulifundishwa kusikia nini?

Jibu nililolipata ni kwamba vitabu vilijua mengi kuliko namna tulivyofundishwa kuvisoma. Tulifundishwa kuyasoma maumivu ya kijana kama mahakimu. Na mtoto aliyezoea kuona maumivu yakihukumiwa darasani, jioni hatayabeba ya kwake kuyapeleka ofisini kwa mwalimu yuleyule.

Nianze na riwaya yenyewe. *Rosa Mistika* ilitoka mwaka 1971. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kisha miaka ilipopita kikarudishwa na kusomwa Tanzania na Kenya. Hadithi yake ni nyepesi kuisimulia. Rosa ni binti mkubwa katika nyumba ya mlevi anayempiga mkewe. Anachungwa kwa ukali usio na maelezo. Anakwenda sekondari ya wasichana chini ya masista, halafu chuo cha ualimu Morogoro, na kule nje ya mikono ya baba anaingia katika mahusiano ambayo hakuna aliyewahi kumwandaa kwayo. Mkuu wa chuo, mtu aliyepewa dhamana ya kumlea, naye anamtumia. Anatoa mimba. Mwisho Charles, kijana aliyemtaka tangu utotoni, anamkataa baada ya kugundua kwamba si bikira. Rosa anajiua.

Ukiwauliza waliosoma kitabu hiki zamani, wengi watakumbuka mambo mawili: kwamba kina mambo ya kikubwa, na kwamba kinafundisha malezi. Ni kweli kwamba kinafundisha malezi. Lakini ukikisoma polepole utaona kitu kingine mapema kabisa, kabla ya mwanamume yeyote wa chuoni kuingia. Zakaria anakuta barua ambayo Charles amemwandikia bintiye. Anampiga Rosa kipigo cha kuumiza, na jambo lililokuwa la watoto wawili linageuka aibu ya kijiji kizima. Sisi darasani tuliiandika sehemu hii chini ya kichwa cha habari "malezi mabaya" tukasonga mbele. Hatukuulizwa Rosa alijifunza nini siku ile. Alijifunza kwamba habari ya moyo wake ikijulikana nyumbani, inaleta fimbo. Kuanzia hapo, kila linalompata analibeba peke yake, na kwa sababu analibeba peke yake, linampata tena.

Mama yupo, lakini mama naye anapigwa. Wadogo zake wapo, lakini wanamtazama yeye kama njia ya kutokea. Masista wapo, lakini kwao msichana mkimya ni msichana mwema. Wanachuo wenzake wapo, lakini chuoni jina la mtu ndilo linalozungumzwa, mtu mwenyewe hazungumzwi naye. Riwaya imejaa watu. Nimejaribu kuitafuta sura ambayo mtu mmoja anakaa na Rosa akamuuliza, bila kumtaka wala kumtuhumu, kwamba una nini. Sijaiona inayotosha kuitwa hivyo.

Kezilahabi mwenyewe hana mikono safi kabisa katika hili. Msimulizi wake anapenda kusimama katikati ya hadithi na kutuhubiria kuhusu wazazi na wasichana. Mwili wa Rosa tunauona mara nyingi, usingizi wake uliokatika hatuuoni. Halafu, baada ya vifo, mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu ili washtakiane. Yaani hata mbinguni Rosa hakupata mtu wa kumsikiliza ila katika kesi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba walimu walilizua swali la nani alaumiwe. Lilikuwamo kitabuni. Walichofanya ni kuliachia lile moja na kuyafunga mengine yote.

Namna yalivyofungwa naweza kuionyesha kutoka kwenye daftari langu la kidato cha tano, mchepuo wa HKL. Mwalimu wetu alileta nakala moja ya kuzunguka darasa zima, gamba lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Wengi hatukuimaliza, tulisubiri uchambuzi. Na uchambuzi, kama mnavyojua, una ramani yake: fani na maudhui; ndani ya maudhui kuna dhamira, ujumbe, falsafa, mtazamo na migogoro; migogoro nayo ni ya kiuchumi, ya kijamii, ya kisiasa na ya nafsi. Kila mgogoro uandikwe chanzo chake na suluhisho lake. Nimelifungua daftari hilo juzi. Chini ya "mgogoro wa nafsi" kuna mistari mitatu. Mgogoro: Rosa dhidi ya nafsi yake. Chanzo: kuachwa na Charles. Suluhisho: Rosa kuamua kujiua.

Mistari hiyo iliamriwa kwa sauti ya kawaida, ikaandikwa na wanafunzi hamsini na kitu, ikapigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Safu ya jedwali ilidai suluhisho, na safu ikajazwa. Lakini fikiria ni nani walikuwa wameketi pale: watu wa miaka kumi na saba na kumi na nane, mbali na nyumbani, kila mmoja na yake. Darasa la fasihi, ambalo pengine ndilo lilikuwa chumba pekee cha shule nzima ambamo huzuni inaruhusiwa kutajwa kwa jina, liliwaambia kwa maandishi kwamba kifo ni suluhisho la mgogoro. Si suluhisho. Ni mgogoro kukosa msikilizaji mpaka mwisho. Mwongozo wowote wa uchambuzi usioweza kuitofautisha mistari hiyo miwili hautoshi kusomea riwaya hii.

Jedwali lilelile lina upendeleo mwingine, na huu unaonekana ukiiweka *Rosa Mistika* karibu na *Kichwamaji*, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Kazimoto wa *Kichwamaji* amevuka utoto, ni mwanachuo, lakini ni kijana aliyerudi nyumbani akiwa na kichwa kilichojaa. Dada yake amepewa mimba na Manase, mtoto wa mkubwa. Misiba inamwandama. Anawaza usiku na mchana, na kuwaza kwenyewe kunamchosha kuliko msiba. Anaoa, mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa, hali ileile iliyompata mtoto wa Manase, na mwisho naye anajiua.

Vifo viwili, mwandishi mmoja, miaka mitatu kati yao. Tazama tulivyovipokea. Kazimoto amepewa nafsi ya kwanza: anasema "mimi", tunaingia kichwani mwake na kukaa humo kitabu kizima. Wahakiki wamemwandikia kurasa nyingi za udhanaishi, yaani falsafa ya mtu anayejiuliza kama maisha yana maana. Rosa amesimuliwa na mtu mwingine, na wahakiki wamemwandikia malezi na maadili. Kijana wa kiume akivunjika, tunasema anafikiri sana. Binti akivunjika, tunauliza alikuwa na nani. Maumivu ya mmoja yamekuwa falsafa, ya mwenzake yamekuwa umalaya. Na katika yote mawili, neno ambalo mtu yeyote wa hospitali angeanza nalo halikuandikwa ubaoni. Wote wawili walikuwa wanaumwa, au walikuwa njiani kuumwa, na ugonjwa wao una matibabu.

Sisemi kwamba riwaya igeuzwe cheti cha daktari. Rosa ana umaskini, ana baba, ana mkuu wa chuo. Hayo hayatibiwi kwa vidonge, na ukimwita mgonjwa tu unawaachia huru waliomuumiza. Lakini lugha ilikuwapo, tena ya mitaani. Kiswahili kinasema mtu "ana mawazo", na kila mmoja anaelewa kwamba huyo hali, halali, hacheki. Neno mawazo limebeba fikra na dhiki kwa pamoja. Mtu akisema "kichwa hakijatulia", hatumpi Panadol. Ndiyo maana jina *Kichwamaji* ni zito hivyo: ni ugonjwa wa mtoto, na ni hali ya baba yake. Tungeweza kuanzia hapo darasani, kwenye maneno tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, kabla ya kufika kwenye udhanaishi. Hatukuanzia hapo kwa sababu mawazo si kipengele cha fani wala cha maudhui.

Kuhukumu huku hakukuishia darasani. Katika shule yangu mwalimu wa ushauri na unasihi alikuwa ndiye mwalimu wa nidhamu. Ofisi moja, kiti kimoja, fimbo kwenye pembe. Wanafunzi hawakuwa wajinga. Walijua kwamba ukienda kusema hulali usiku utaulizwa kwanza kwa nini ulikuwa macho baada ya taa kuzimwa. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisi Tanzania bado kanuni inaviruhusu, kwa masharti ambayo kila aliyepita boda anajua yanavyofuatwa. Na juu ya shule kuna sheria ya nchi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinapingana na Katiba. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania aliyenusurika anaweza, kwa maandishi ya sheria, kutoka wodini akaingia kituoni. Ukiona hilo unaelewa kwamba swali la nani alaumiwe si mtindo wa mitihani tu. Ndiyo namna yetu ya kulipokea jambo hili kuanzia nyumbani hadi mahakamani. Zakaria ana barua mkononi, na sisi sote tuko nyuma yake tunasubiri.

Kuna msomaji mmoja wa ile nakala yenye gundi ambaye hakusoma hivyo. Alikuwa jirani yangu wa kitanda, yeye chini mimi juu. Muhula ule alikuwa halali. Nilikuwa nasikia chaga zikilia usiku akigeuka. Mchana alisinzia darasani, akachapwa kwa kusinzia. Kisha ikaja wiki ya mitihani ya majaribio na mabinti wakaanza kuanguka, mmoja leo, wanne kesho, wakipiga kelele na kukaza mikono, kama inavyotokea katika shule nyingi za bweni za wasichana. Tukaambiwa ni mapepo. Akaletwa mtu wa kuombea, akaletwa na wa kusoma dua, na walioanguka wakarudishwa makwao kwa wiki mbili. Yeye alikuwa mmojawapo. Hakuna aliyeuliza kama kabla ya mapepo kulikuwa na kitu.

Aliporudi aliikuta *Rosa Mistika* imefika zamu yetu, akaisoma yote, halafu akaisoma tena. Tulikuwa bombani jioni tunasubiri ndoo zijae aliponiambia, kama mtu anayezungumzia jirani wa kwao: "Huyu hakuwa na mtu wa kumwambia." Nikamuuliza wewe je. Akasema, kaa basi. Tukakaa mpaka kengele ya prepo, ndoo zimejaa na kumwagika. Aliyoniambia ni yake. Ninachoweza kusema ni kwamba baadaye alimwambia pia shangazi yake, akapelekwa hospitali, akapata dawa na mtu wa kuzungumza naye, na leo yuko vizuri, ana mambo yake. Uhakiki wake wa *Rosa Mistika* una maneno sita, na sijasoma uliozidi huo.

Maneno yake yalinirudia nilipokuwa nasoma *Chozi la Heri* ya Assumpta K. Matei, riwaya iliyosomwa na watahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 2010 na baada yake. Mandhari yake ni machafuko ya baada ya uchaguzi. Watu wanachomewa nyumba, familia zinatawanyika, na watoto ndio wanaobaki wakiokota vipande. Umulkheri, au Umu, ameondokewa na mama, amefiwa na baba, na wadogo zake wawili wameibwa na mfanyakazi wa ndani. Anafika katika shule mpya akiwa yupo na hayupo. Mwili uko darasani, akili iko barabarani inatafuta wadogo zake.

Hapa Matei anafanya jambo ambalo Kezilahabi hakulifanya. Anawaweka wasichana pamoja na kuwaachia wazungumze. Kairu, Mwanaheri, Zohali, Chandachema: mmoja baada ya mwingine anasimulia yaliyompata kabla ya kufika pale. Kufukuzwa kwao, kuachwa na mzazi, ujauzito, kulelewa na bibi aliyezeeka. Umu anasikiliza. Hapewi wosia. Hakuna anayemlinganisha na mwenzake ili ashukuru. Anagundua tu kwamba bweni zima lina waliovunjika, na kwamba wanaendelea kula, kusoma na kucheka. Sehemu hiyo ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa riwaya, ingawa wengi huipitia haraka kwa kuwa haina tukio. Tukio ni kule kusikiliza kwenyewe.

Nina ugomvi na kitabu hiki pia. Matei amewarundikia watoto wake misiba mpaka kila mmoja anaonekana kusimamia tatizo fulani la jamii, kana kwamba orodha ya dhamira ilitangulia na wahusika wakafuata. Na mwisho umenyooka mno: Umu anapata wazazi wa kumlea, ndugu waliotawanyika wanakutana tena. Msomaji wa miaka kumi na saba ambaye wake hawajarudi anaweza kufunga kitabu akiwa mpweke kuliko alivyokifungua. Lakini jina la riwaya limelipa deni hilo kwa sehemu. Chozi linaweza kuwa la heri kama kuna mtu wa kulitolea. Rosa alikuwa na machozi ya kutosha. Alichokosa ni lile bweni.

Wanaoshughulika na vijana kwa vipimo wamefika karibu na hapohapo kwa njia yao. Nchini Kenya Taasisi ya Shamiri iliwachukua vijana wa miaka 18 hadi 22, waliomaliza sekondari juzi tu, ikawapa mafunzo mafupi, ikawapeleka mashuleni kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi, saa moja kwa wiki, wiki nne. Hawakuzungumzia ugonjwa. Walizungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, mambo ya kushukuru, na yale ambayo kila mmoja anayathamini. Matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi yalichapishwa mwaka 2021: dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma katika vikundi vya aina hiyohiyo. Lakini kinachonigusa mimi ni kwamba hata hao wa mbinu za kusoma walipata nafuu. Kuketi wachache, na mtu aliyekuzidi miaka mitatu au minne ambaye hana fimbo, ni dawa kwa kiasi chake.

Zimbabwe walitangulia na mabibi. Tangu mwaka 2006, kwa kazi aliyoianzisha daktari Dixon Chibanda, wanawake wazee waliofundishwa huketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Hawakuanza na jina la kitabibu. Walianza na neno la Kishona, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Ndugu yake mawazo yetu. Waliopanga tiba walikubali kuanzia kwenye neno ambalo mgonjwa tayari analo mdomoni, na hilo ndilo nililotamani darasa la fasihi lifanye.

Nisieleweke kwamba bomba la maji na benchi vinatosha. Rafiki yangu alihitaji hospitali, na alibahatika kuwa na shangazi aliyejua hivyo. Kuna sonona isiyosikia mazungumzo, kuna magonjwa ya akili yanayoanza ujanani na kutaka dawa kwa miaka. Kwa mtoto wa Ukerewe leo, kama enzi za Rosa, daktari wa akili yuko ng'ambo ya maji. Na njiani kuna jina: Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo imetibu watu kwa karibu miaka mia huku sisi mitaani tukiligeuza jina lake tusi la kumtupia yeyote aliyechekesha. Zipo namba za kupiga. 116 ni ya watoto, Tanzania na Kenya, na haina malipo. Lakini katika shule ambazo simu ni kosa la kufukuzwa, namba ya simu ni msaada wa nusu tu. Mtoto wa bweni ana watu walio mbele yake: matroni, mwalimu wa zamu, jirani wa kitanda. Kama hao wamefundishwa kuhukumu, 116 iko mbali kama Dodoma.

Ndiyo maana nasisitiza kitu kinachoonekana kidogo, yaani swali la darasani. Kubadilisha swali hakuhitaji bajeti. Mwalimu anayefundisha *Rosa Mistika* mwaka huu, au riwaya yoyote yenye kijana anayezama, anaweza kuiacha ile ya nani alaumiwe iende kwenye mtihani kama lazima iende, lakini siku moja kabla ya uchambuzi awagawe wanafunzi katika vikundi na kuwapa swali lingine: Rosa angeweza kumwambia nani, na katika ukurasa gani? Safu ya suluhisho ifutwe. Mahali pake iandikwe: nani alikuwa karibu, angesema nini, nini kilimzuia.

Nimejaribu zoezi hilo mwenyewe, penseli mkononi. Unaanza na mama, jioni ile ya barua, baada ya Zakaria kwenda pombeni. Unamfikia sista mmoja anayeona binti amekuwa kimya kuliko ukimya wa kawaida. Unawafikia wenzake wa Morogoro siku Rosa anarudi amepauka. Unamfikia hata Charles, mwanzoni, akiwa bado mtoto mwenye barua. Kila mara unaandika jina, unaandika kilichomzuia: hofu, haya, kazi, umbea, dini, kutojua. Nilifikia watu tisa kabla sijafika mwisho wa kitabu. Wanafunzi watafika zaidi, kwa sababu wao wanayajua mabweni ya leo. Na ninadhani kabla kipindi hakijaisha, mmoja wao ataacha kutazama kitabu na atamtazama aliyeketi pembeni yake.